Ngoma ya Ukoo na Mikono ya Klaudia

Klaudia alikuwa hajafika Bukoba mjini tangu amzike mumewe. Ndyamukama, mtunzaji wa jumba dogo la makumbusho, alipotuma ujumbe kijijini Rubya kuwaita wenye ngoma ya ukoo, Klaudia alijifunga kitenge na kupanda lori pamoja na baba yake mdogo, Kaijage. Njia nzima mzee huyo alikaa upande wa pili wa magunia ya kahawa.

Ngoma ile marehemu baba yake Klaudia, Apolinary, aliikabidhi makumbusho wakati wa vita, wanajeshi wa Amini walipovamia hadi mto Kagera na kila mtu akawa anaficha anachoweza. Vita viliisha, ngoma haikurudi. Kisha ukaja ukimwi, ugonjwa ambao watu waliuita Juliana. Uliwachukua kaka zake mmoja baada ya mwingine, halafu mumewe, na katikati ya misiba hiyo nani angekumbuka ngoma?

Ndyamukama aliwatolea ngoma hiyo uani. Ngozi ilikuwa imepasuka, mti umetobolewa na wadudu.

"Wadudu nitawaua," alisema. "Lakini ngozi sitaigusa bila ninyi. Nani kwenu anajua kuiwamba?"

"Hayupo," Kaijage alijibu. "Waliojua wamekufa. Iache humo kabatini."

"Mimi najua," alisema Klaudia.

"Mwanamke hagusi ngoma hii."

"Baba alinifundisha, waitu, mzee wangu. Kaka zangu walikuwa visiwani kwenye biashara ya samaki, mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Hao wanaume unaowangojea tumeshawazika."

Ndipo Kaijage akatoa lililokuwa moyoni. "Mikono hiyo ilimwosha mgonjwa wa Juliana. Leo iguse ngoma ya wazee?"

Uso ulimchoma Klaudia. Majirani walikuwa wakimtengea kikombe chake peke yake, lakini hakuna aliyekuwa amewahi kumtamkia jambo hilo. Alipogeuka, alimwona Ndyamukama akimnyooshea glavu.

"Hata wewe?"

"Si hivyo, dada." Mwenyewe alikuwa ameshavaa zake. "Walionitangulia hapa waliinyunyizia sumu ya wadudu, na bado imo. Ukiishika mikono mitupu itakudhuru."

"Baba aliwapa mtunze, mkaitia sumu."

"Ndiyo. Nimewaita ili mlijue hilo kabla ya jambo jingine lolote."

Hasira haikumtoka, ila glavu alizivaa. Kaijage alirudi Rubya peke yake.

Klaudia alifikia kwa binamu yake huko Kitendaguro, na kila asubuhi alishuka mjini. Yeye na Ndyamukama walifunga vitambaa puani, wakapangusa unga wa sumu kwa brashi laini, polepole, mpaka migongo ikauma. Alijifunza kuingiza dawa kwa sindano kwenye matundu ya wadudu. Ndyamukama naye alijifunza kuvuta kamba za ngozi bila kuzikata. Waligombana pia. Ndyamukama alitaka ngozi ya zamani ishonwe.

"Hii aliiwamba babu yako," alisema. "Ukiibandua, ndiyo basi."

"Na ukiishona, haitalia. Ngoma isiyolia ni ya nini kwetu?"

Mwishowe ngozi ya zamani ilibaki makumbusho, imelazwa ndani ya kitambaa safi. Klaudia akawamba mpya, ya ng'ombe aliyechinjwa Kagondo. Ilipokauka alisema anaipeleka nyumbani.

"Wakubwa wangu hawatakubali," alisema Ndyamukama.

"Waambie wanifuate."

Ndyamukama alishika upande mmoja, wakaipakia garini.

Wiki hiyohiyo, huko Rubya, Juliana ikamchukua Skolastika, mjane wa kaka mkubwa wa Klaudia. Watu wa kuchimba kaburi hawakutosha. Wengi walijifanya wana kazi kwenye vibanja vyao vya migomba. Klaudia aliitoa ngoma uani, akaanza kuipiga kama baba yake alivyoipiga kila alipozikwa mtu wa ukoo.

Kaijage alimjia. "Acha, Klaudia. Unatuaibisha."

"Aibu ni kumzika Skolastika kama mtu asiye na ndugu," alijibu, asipunguze mapigo.

Alipiga mpaka mabega yakafa ganzi. Kwanza akatokea jirani na jembe lake, halafu wengine, wakiinama kuyapita majani ya migomba bila kumtazama usoni. Walichimba, wakazika. Kaijage aliondoka kabla kaburi halijafukiwa, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena uani kwake.

Mkubwa wa Ndyamukama alifika naye kweli, akiwa na gari la kuirudishia ngoma. Ndyamukama aliingia ndani kwanza, Klaudia akasimama mlangoni.

"Ngozi ya zamani mnayo, itunzeni," alisema. "Hii inakaa hapa. Mkitaka kuikagua, njooni kila kiangazi, nitawafungulia mlango."

"Mama, wewe una utaalamu gani wa kuhifadhi vitu hivi?"

Kabla hajajibu, sauti ya Ndyamukama ilitoka ndani. Alikuwa amepiga magoti kando ya ngoma, akimulika matundu kwa tochi.

"Hakuna mdudu hata mmoja, mzee. Njoo uone mwenyewe."

Yule mkubwa alisita, akavua kofia. Klaudia akasogea kidogo, kiasi cha kumpisha apite.