Kiti cha Nyuma

Kila Jumamosi asubuhi wapenzi wa magari walikuwa wanafungua redio kumsikiliza Rubani. Ndege hajawahi kurusha hata siku moja. Jina hilo alibandikwa enzi zake za mashindano, kwa sababu watazamaji walidai gari lake linaonekana zaidi hewani kuliko ardhini. Sasa kichwa kilikuwa kimejaa mvi na tumbo limeanza kumtangulia, lakini ulimi ulikuwa na mbio zilezile.

Jumamosi hiyo mada ilikuwa gari jipya. Kiwanda kilichojulikana miaka nenda rudi kwa magari ya mbio, ya milango miwili, yaliyolala chini kama mjusi juani, kilikuwa kimetoa gari la kifahari la milango minne, lenye viti vya nyuma vya kukalia watu wazima. Rubani hakuwa ameligusa. Alikuwa ameliona pichani tu, na hilo halikumzuia.

"Jamani, huyu ni bondia aliyevishwa aproni," alisema. "Mikono ya kupiga anayo, lakini ameambiwa apeleke chai mezani. Anayetaka mbio anunue gari la mbio. Anayetaka kulala anunue kitanda."

Simu zikaanza kuita. Daktari mmoja wa meno alisema yeye kalipenda, kwa sababu watoto wake nao wana miguu na hawawezi kukunjwa kama mashati. Dereva wa teksi akasema ukilitazama kwa nyuma utadhani mbwa aliyeketi anasubiri mfupa. Kisha akaja fundi cherehani mmoja, mama mwenye sauti ya taratibu.

"Mimi mbio sina haja nazo, baba," alisema. "Nauliza tu, mtu mwenye magoti mabovu ataingia na kutoka bila taabu?"

"Huyo, mama yangu, apande ambulensi," Rubani akajibu, na studio nzima ikaangua kicheko.

Yeye mwenyewe alicheka nao. Lakini alipokuwa anashuka ngazi kwenda kutafuta usafiri wa nyumbani, maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nyumbani alikuwako mkewe. Waliomfahamu zamani walimwita Mama Kona. Katika mashindano yeye ndiye aliyekaa kushoto kwa Rubani na karatasi mapajani, akimsomea njia: kulia kali, kushoto ndefu, kilima, usikate. Rubani alikuwa anaingia katika vumbi asiloona mbele yake, kwa kuiamini sauti ile tu. Binti yao alipenda kuwatania kwamba wao ndio watu pekee duniani waliotongozana kwa kupigiana kelele.

Kisha kiharusi kilimkuta Mama Kona jikoni, birika mkononi. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno karibu yote. Machache yaliyosalia yalikuja yanapotaka yenyewe. Akitaka maji, mdomo ulitoa "dirisha", naye akijisikia amekosea alifumba macho kwa hasira. Binti yao, mfamasia, alihamia kwao na kitanda chake akakiweka chumba cha pili, mlango wazi.

Lile gari lao la zamani la milango miwili, lililotoka kiwanda hichohicho, lilikuwa bado bandani. Mwanzoni mwa ugonjwa Rubani alijaribu kumpakia mkewe humo, akidhani atamchangamsha. Kiti kilikuwa chini mno. Mikono ikateleza, mama wa watu akakaa chini kwenye sementi puu, na Rubani akakaa naye hapohapo, hana la kufanya, mpaka binti aliporudi kutoka kazini akawakuta. Tangu hapo Mama Kona hakutolewa nje ila kupelekwa kliniki. Akiulizwa, Rubani alikuwa na sababu tele: jua kali, barabara mbovu, leo amechoka. Mwenyewe alijua anaogopa.

Siku chache baada ya kile kipindi, meneja wa mauzo wa duka lililoagiza gari lile alimpigia.

"Mzee, umetuchana hewani na gari hujalipanda," alisema bila kununa. "Lichukue mwisho wa wiki. Ukilirudisha, sema lolote linalokuja mdomoni."

Rubani akalichukua. Alipoliingiza uani, majirani walitoka mmoja mmoja kama watu walioitiwa msiba. Mstaafu wa nyumba ya pili aliinama, akachungulia, akatamka kwamba ni gari la waziri anayeona aibu kuwa waziri. Mke wa mstaafu akasema rangi imemkosha. Binti yeye hakusema lolote kuhusu rangi wala mbio. Alifungua mlango wa nyuma, akapima kwa macho nafasi kati ya kiti na nguzo ya mlango, akaufunga, akaufungua tena.

"Baba, mlango huu ni mpana, na kiti kiko juu kidogo. Mama anaingia hapa."

"Unadhani?"

"Nina hakika. Mpeleke akapunge upepo. Mimi leo zamu yangu ya mchana, lakini nitakusaidia kumpakia. Ila uende polepole, na mito umwekee pande zote mbili."

Walimpakia bila shida. Mama Kona alivaa kitambaa chake cha kichwa cha kijani, akakalishwa kiti cha kushoto, akafungwa mkanda, akawekewa mto upande wa mlango. Mto wa pili Rubani alisema hauna haja. Viti vya nyuma vilikuwa viwili, vimetenganishwa na kisanduku kigumu kilichofunikwa ngozi, chenye vitufe vya upepo na muziki. "Hicho kitamkinga upande wa pili," alisema. Binti alikuwa anachelewa kazini, hakubishana.

Mjini Rubani aliendesha kama aliyebeba trei ya mayai. Kila taa nyekundu alitupa jicho kwenye kioo, akamwona mkewe anatazama nje, mdomo umelegea upande mmoja, lakini macho yako hai. Alimsimulia: pale palikuwa na kinyozi wako, pale siku hizi wanauza simu. Yeye aliitika kwa koo.

Walipofika njia panda nje ya mji, Rubani alitakiwa kugeuza. Badala yake alishika barabara ya mabwawa. Ilikuwa ya vumbi siku zile, sasa imetiwa lami, lakini kona zilikuwa zilezile, zinapanda kilima zikijipinda. Ndipo walipowahi kushinda, yeye na huyu aliyekaa nyuma.

Aliongeza mafuta kidogo tu, kuonja. Gari likaitika. Akaongeza tena. Akangoja lile tumbo la gari kubwa kuyumba, akangoja uzito umwaibishe dereva, aseme, si niliwaambia! Haikuwa hivyo. Lilikamata lami kama paka, na usukani ukamweleza kila kijiwe. Rubani akaudhika, kisha akafurahi, na furaha ile alikuwa hajaionja tangu siku ya birika.

"Unalisikia, mama? Unalisikia?"

Ikaja kona ya kushoto. Aliikata kwa kasi, matairi yakalia. Na hapo nyuma yake, kwa sauti iliyokwaruza lakini ileile, akamsikia mkewe.

"Kulia."

Rubani nywele zilimsimama. Kweli, mbele ya kilima kile, mahali ambapo dereva hawezi kupaona, kulikuwa na kona ya kulia. Amekumbuka! Mwaka na zaidi madaktari wanatingisha vichwa, kumbe maneno yamo humo ndani, yamengoja barabara!

"Kulia, ndiyo!" alipiga kelele. "Nisomee, mama, nisomee!"

"Kulia. Kulia!"

Akaingia kona ile kama kijana, machozi yanamchuruzika, akatoka nayo, akaongeza mafuta barabara iliponyooka. "Na sasa? Sasa je?"

Nyuma palikuwa kimya. Alitazama kwenye kioo. Kioo kilikuwa na kiti kitupu na mto.

Alisimamisha gari pembeni, hajui kama alitia breki au lilisimama lenyewe. Alipofungua mlango wa nyuma alimkuta mkewe amelalia ubavu wake mfu, uso umebanwa kwenye kile kisanduku cha katikati, mkanda umemkaba shingoni. Kona ya kushoto ilikuwa imemtupa kulia, na hakuwa na mkono wa kujizuia. Mdomo ulikuwa umepasuka. Alikuwa amemwita mumewe kwa neno moja lililopatikana, nalo safari hii lilikuwa neno sahihi kabisa.

Alimwinua, akamfungua mkanda, akamfuta damu kwa kitambaa cha kufutia vioo kwa sababu hakuona kingine. "Nisamehe. Nisamehe, mama." Mama Kona alipumua kwa nguvu kwanza. Kisha akaunyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, akampiga kifuani. Hakupiga kwa nguvu, hakuwa nazo. Akampiga tena, na tena, na Rubani akausimamisha mwili wake pale mlangoni upigwe.

"Nyumbani," alisema mkewe, na neno hilo nalo halikukosea.

Jioni binti alimkuta baba yake amekaa ukumbini na taa hajawasha. Rubani alimweleza yote. Binti aliingia chumbani, akakagua mdomo wa mama yake na shingo, akatoka.

"Alikuwa anakwambia ameanguka, na wewe unamshangilia," alisema.

"Nilidhani amerudi."

"Baba, hakwenda popote. Yumo. Wewe ndiye unayemtafuta yule mwingine."

Binti akarudi chumbani kwa mama yake.

Jumamosi iliyofuata mtayarishaji wa kipindi alikuwa anasugua viganja, anangoja vichekesho. Rubani alisogeza kipaza sauti.

"Nililisema vibaya gari lile kabla ya kulipanda. Nimelipanda. Ni gari zuri. Nyuma, mtu mwenye magoti mabovu anaingia na kutoka bila taabu, na mama fundi cherehani namwomba radhi. Ila msimpe dereva wa aina yangu."

Akanyamaza, na redioni kunyamaza ni kosa kubwa. Simu zikaita. Mmoja akasema mzee kahongwa. Mwingine akasema uzee unamwingia. Yule wa teksi alishikilia kwamba linafanana na mbwa. Rubani akawasikiliza wote kwa adabu, na wengi baadaye walisema kipindi kile kilipooza siku hiyo na hakikuchangamka tena.

Mama Kona alikuwa amekisikiliza, redio iko karibu na kiti chake. Rubani aliporudi alivuta kigoda, akakaa upande wake mzima.

"Na wewe? Lile gari ulilionaje?"

Mdomo wa mkewe ulikuwa umepona, umebaki mstari mwembamba.

"Refu," alisema.

Rubani hakujua kama ni gari, au barabara, au siku yenyewe, au ni neno lililopotea njia likatokea hapo.

Waliuza gari la bandani, wakachukua basi dogo kuukuu, la umbo la sanduku, lenye mlango wa kuvuta na sakafu ambayo kiti cha magurudumu kinapanda chenyewe. Halikuwa na la kusifiwa na yeyote. Mstaafu wa jirani alilitazama mara moja akarudi ndani. Mama Kona alikubali kulipanda kwa sharti moja, ambalo alilisema kwa kidole. Alimwonyesha binti, akaonyesha usukani.

Kwa hiyo siku za mapumziko binti ndiye aliyeendesha, taratibu, mikono yote miwili. Rubani alikaa nyuma, upande wa kulia wa mkewe, bega limegusana na bega. Kutoka pale aliona kisogo cha mwanawe na kipande kidogo tu cha barabara. Kila kona ya kushoto uzito wa mkewe ulimjia wote, mkono mfu, ubavu, kichwa chenye kitambaa, naye akakaza mguu sakafuni akaupokea. Kona ilipokwisha mkewe alijivuta kwa mkono mzima akakaa wima, akageukia dirishani, asimtazame.

Rubani naye alitazama mbele, akiingoja kona nyingine.