Sura Iliyokosekana Ukutani

Fundi rangi alikuwa na mkono, wallahi. Akichora sura ya mtu, hata mke wa mtu huyo angeiamkia. Kila bango la mtaa lilitoka kwake, na sura moja tu alikatazwa kuichora: ya dada yake.

Dada, mkunga wa zahanati, aligombea udiwani ili zahanati hiyo isiuzwe. Lakini chama chake kiliamini kwamba kiongozi ni watu wote, hivyo mgombea hawekwi ukutani wala picha yake haiwekwi kwenye karatasi ya kura. Inawekwa alama ya chama tu, yaani ndoo. Wapinzani wao waliamini kwamba nchi bila baba ni yatima, basi mgombea wao, Baba mwenye mashavu, wakamtaka kwenye kila ukuta. Nani alimchora? Fundi huyo huyo. Njaa haina chama.

"Dada, nipe hata ukuta mmoja," alimbembeleza.

"Tukianza kuabudu sura, tumeshakuwa wao. Chora ndoo."

"Ndoo imemzalisha nani hapa mtaani?"

Dada alicheka, ila hakulegea. Fundi akachora ndoo, nzuri mpaka kina mama wakauliza zinauzwa wapi.

Siku ya kura alimpeleka shangazi yao, mtu mzima asiyejua kusoma. Shangazi alitoka kituoni kidole kina wino, uso umechanua.

"Tumeshinda, mwanangu! Dada yako sikumwona kwenye karatasi. Nikasema, basi wamembadilisha. Mara nikaiona ile sura uliyoichora ukutani. Wewe huwezi kumchora adui wa dada yako, nikamtia alama."

Fundi aliigeukia foleni.

"Hata sisi tunafuata mkono wako, fundi," mama mmoja kwenye foleni alidakia, na wenzake wakaitikia.

"Jamani, si huyo! Chagueni nd..."

Askari alimshika bega. "Kampeni zimekwisha, bwana. Neno moja tena nakuweka ndani."

Akasogezwa hadi nje ya kamba. Foleni ilikuwa ndefu, na kila aliyempita alimwinulia dole gumba kwa furaha. Alitaka kulia. Ng'ambo ya uwanja Dada alisimama na viongozi wa chama chake, akaiona foleni inavyomshangilia mdogo wake, akampungia mkono akitabasamu.