Waridi la Horace Clutterbuck

"Naapa kwa kaburi la mama yangu, yote nitakayowaambia leo ni kweli tupu!" Reg Tuffley alitangaza kwenye kipaza sauti cha basi. Mama yake, mwenye miaka tisini na minne, wakati huo alikuwa kwa dada yake akicheza karata.

Watalii walikuwa kumi na wanne. Kiti cha nyuma alikaa Bi Hilary Peake wa chama cha waongoza watalii, daftari mapajani. Kuna mtu aliyeandikia chama kwamba mzee Tuffley anatia chumvi. Akinaswa leo, beji anaivua. Na bila beji ile Reg, msambaza barua mstaafu na mgane, angebaki kupiga soga na birika la chai.

Kijiji cha kwanza alisema kweli mpaka akapiga miayo mwenyewe. Cha pili, watu wakatoa simu zao.

"Huyu ndiye tuliyeambiwa anachekesha?" mama mmoja wa Leeds alinong'ona.

Reg alisikia, na ikamchoma. Basi waliposhuka Lower Siddon, uzalendo ukamshinda. Huko alikuwa na turufu yake: nyumba ya rafiki yake Horace Clutterbuck, ambamo eti mfalme mkimbizi alijificha siku tatu ndani ya tanuri la mkate. Mwaka wa kujengwa ulichongwa juu ya mlango, ila waridi la kutambaa lilikuwa limeufunika, na kwa miaka tisa Horace hakulitia mkasi, kwa ajili ya Reg. Kila Jumanne alisimama langoni, na akiulizwa alijibu, "Babu wa babu yangu ndiye aliyempikia."

Reg alikata kona ya kanisa akitembea kinyumenyume, uso kwa wageni. "Na nyumba hii, mabibi na mabwana, ina miaka mia nne, na mfalme alitoka humo mweusi kama sufuria!"

Wakacheka, kisha mmoja akaonyesha kidole nyuma yake. Reg akageuka.

Waridi lilikuwa limekatwa. Mwezi Juni! Kijijini pale utasamehewa ukitoroka na mke wa jirani, lakini si ukikata waridi lililochanua. Maua yalikuwa lundo kwenye toroli, na juu ya mlango jiwe liling'aa: 1931. Horace alisimama langoni, mkasi mkononi.

"Umefanya nini, Horace?"

"Nimepogoa."

"Juni?"

"Juni."

Bi Peake alimsogelea Horace. "Bwana, mfalme alilala humu?"

"Mwambie, ndugu yangu," Reg alisema. "Mwambie habari za mkate."

"Mkate gani? Nyumba hii aliijenga baba yangu, kwa mawe ya ghala lililoanguka. Miaka miwili, kila jioni akitoka kazini. Mgongo wake haukunyooka tena."

"Miaka tisa tuko pamoja, we mzee! Si ungeniambia tu?"

"Nilikuambia. Krismasi, mbele ya watu. Ukasema baba yangu hauziki kwa watalii."

Kweli Reg alisema hivyo. Tena alicheka. Lakini hata hivyo.

"Ungechagua Jumanne nyingine, Horace. Leo kuna…" Akasita. "Ile barua kwa chama. Nani aliandika?"

Horace akaanza kukagua mkasi wake, kama mtu anayetafuta kutu.

"Wewe," Reg alisema. "Mimi niliyelibeba jeneza la mkeo."

"Ulilibeba," Horace akajibu. "Na baba yangu ukamtupa."

Bi Peake alifunga daftari, akanyoosha kiganja. Pini ya beji ilikuwa imenasa kwenye sweta, na Reg alishindwa kuichomoa. Horace akaweka mkasi chini, akaja kumsaidia.

"Usiniguse."

Akaivuta mpaka uzi ukakatika, akamkabidhi Bi Peake beji.

"Hayo mawe baba yako aliyasombaje?" yule mama wa Leeds alimuuliza Horace, huku akilifungua lango aingie. Wengine wakamfuata wakisukumana, na Reg akabaki barabarani na tundu kwenye sweta, akisikiliza.