Majivu ya Ulezi

Karani wa boma aligonga kihenge cha Zita kwa fimbo, akasikiliza. Kitupu.

"Huyu apewe," akamwambia tarishi.

Zita akaenda boma mjini, akapimiwa unga wa mahindi aliokuwa akiungoja tangu nzige wamalize shamba. Jirani yake, Josefina, hakupewa. Kwake karani alikuta mtungi wa ulezi wa mbegu, na amri ilisema nyumba yenye nafaka haina njaa.

Zita aliijua amri hiyo mapema. Mtungi wake mwenyewe, ulezi uliochanganywa na majivu na kuzibwa mdomo kwa mavi ya ng'ombe, alikwisha kuupeleka Sumbawanga mjini, akamwachia Mwantum, mke wa Hamis mwenye duka, ambaye Zita alizoea kumuuzia nafaka miaka ya neema.

Sasa mawingu yalikuwa yametanda juu ya Ufipa. Akaufunika unga kwa kanga, akajitwika, akaenda kuchukua mbegu.

Uani kwa Mwantum watu walikuwa wameegemea ukuta, mifupa mitupu, wengi wao wageni kutoka bondeni Rukwa. Sufuria kubwa lilikuwa limekombwa. Kando yake ulilala mtungi, mdomo wazi.

"Nimeupika, Mama Margareth," Mwantum alisema kabla hajaulizwa. "Asubuhi hii."

"Ilikuwa mbegu."

"Najua. Unga wetu uliisha jana. Hapo mlangoni wameshakufa wawili."

"Si waende boma?"

"Walikwenda. Wakaulizwa kihenge chao kiko wapi, kikagongwe." Mwantum alicheka kidogo, bila furaha. "Mtu amekimbia na mtoto mgongoni, abebe na kihenge?"

Zita hakucheka. "Na mimi nitapanda nini?"

Mwantum akaingia dukani, akarudi na mfuko wa chumvi, kitu pekee kilichobaki rafuni.

"Chumvi haioti, dada."

"Haioti," Mwantum akakubali, mkono bado ameunyoosha.

"Majivu yake umeyamwaga wapi?"

Mwantum akaonyesha kwa kidevu: rundo dogo la kijivu nyuma ya jiko. Zita akautua unga, akapiga magoti, akachota, akapuliza. Kiganjani zikabaki punje chache. Ulezi ni mdogo mno. Hakuna apepetaye asidondoshe. Akachota tena.

Tone la kwanza la mvua lilimpiga shingoni. Majivu yakilowa yangekuwa tope, na punje zingepotelea humo. Akaivuta kanga iliyofunika unga, akaitandaza juu ya rundo, akaikandamiza kwa mikono miwili upepo usiichukue.

"Unga wako unalowa," Mwantum alisema.

"Uingize ndani. Margareth hajala tangu juzi."

Lakini ukutani watu walikwisha kuuona. Mmoja akajiinua kwa kushika tofali, kisha mwingine, wakaja polepole kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kuja haraka. Mwantum alisimama kati yao na unga, hakujua azuie au apishe.

"Dada, mtoto wangu," Zita akasema. Mikono hakuitoa juu ya kanga.