Neno Moja kwa Nyumba Nane

Umeme wa kijiji ulipokatika na kurudi mara ya tatu asubuhi ile, nesi Theodora alikwenda mwenyewe kwa mzee Mughwai.

"Shikamoo baba. Ukikatika tena, friji la chanjo linakufa. Chanjo zote natupa, na akina mama wameshafika na watoto."

Umeme ule ulitoka kwenye sola za nyumba nane za ukoo wa Mughwai, huku nje ya Ikungi, na yeye ndiye mkubwa wao. Alishalaumu nyaya, akalaumu na vumbi.

Fundi Damari alipofika na pikipiki yake hakugusa waya hata mmoja. Alisoma kwenye simu, kisha akauliza neno la siri la mashine ya pale kwa Mughwai, ile inayoingiza umeme wa sola kwenye waya wa kijiji na kuongozwa kwa mtandao. Mughwai na mdogo wake Hosea wakajibu kwa pamoja: jina la ukoo.

"Na za nyumba nyingine?"

"Hilo hilo," Hosea alisema. "Ng'ombe wetu wana alama moja, sola iwe na nane? Ndugu akikwama, ndugu anamfungulia."

"Baba mdogo, jina hilo liko hadi kwenye kibao cha barabarani. Kuna mtu mtandaoni, sijui yuko nchi gani, amelibahatisha. Anazima mashine zote nane kwa mpigo, anaziwasha kwa mpigo. Waya wa kijiji hauwezi mshtuko huo."

"Basi zizime zote sasa hivi," Hosea alisema.

"Nikizizima zote kwa mpigo, nitakuwa nimemsaidia kazi."

Akaenda nyumba kwa nyumba. Aliitoa mashine moja mtandaoni, akasubiri umeme utulie, ndipo akaigusa ya pili. Mughwai alimfuata kwa miguu hadi ya nane. Mafundi wenye mdomo alishawaona wengi. Huyu alifanya kazi kama mkunga: mkono taratibu, jicho halibanduki.

"Sasa kila nyumba ichague neno lake," Damari alisema. "Na ndugu asiambiwe."

Wanaukoo wakaguna. Kwao, anayemficha ndugu ana lake jambo. Wote wakamtazama Mughwai. Mkubwa akikataa, hakuna atakayekubali.

Mzee akaipokea simu, akawapa mgongo, akabonyeza kwa kidole kimoja.

"Umeandika nini, kaka?" Hosea aliuliza.

"Kawaambie wakwe zako nao wapeleke watoto wakachanjwe," Mughwai alisema, bila kugeuka.