Tiketi za Jumatano

"Na mwezi ukiandama kesho?" nilimwuliza Hashil kwa mara ya tatu.

Mume wangu hakuinua macho. Alikuwa akikunja kanzu mpya za Idi juu ya meza ya duka, na kila aliyoikunja ilimharibikia pembeni. Akarudia aliyoyasema tangu asubuhi: tiketi zimeshakatwa, kalenda iko ukutani, Idi ni Alhamisi.

Kalenda yenyewe tulipewa na Bwana Lalit, jirani yetu hapa Mchafukoge anayeuza vitambaa. Imechapwa Bombay, ina picha ya tausi. Nilimwambia Hashil kwamba tausi hajui kama Ramadhani yetu ni ya siku ishirini na tisa au thelathini. Leo Jumatatu ni ishirini na nane. Tutajua kesho magharibi, watu wakitazama juu.

"Shemeji siku hizi ni mnajimu," alisema Salem, mdogo wake Hashil, akiwa juu ya ngazi anashusha marobota.

"Na wewe umekuwa tausi," nikamjibu.

Sikuwa na mzaha. Binti yetu Badriya, mwenye miaka tisa, alipata surua mwaka juzi na jicho la kushoto likaingia utando mweupe. Sasa la kulia nalo lilikuwa linafuata. Daktari wa macho wa Bombay aliandika kwamba atampasua, lakini afikishwe kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu baada ya hapo anakwenda Ulaya kwa nusu mwaka. Nusu mwaka jicho lile halikuwa nayo.

Meli kubwa ya Bombay ilikuwa inaondoka Unguja Jumatano saa kumi na moja jioni. Hashil akatukatia nafasi tatu, yangu, ya Badriya na ya Salem wa kutusindikiza. Kisha akaenda kwa wakala mwingine kabisa akakata tiketi za kuvukia za Saada, meli ndogo ya moshi, inayotoka hapa Jumatano hiyo hiyo saa moja asubuhi na kufika Unguja saa saba. Alirudi nyumbani akijisifu kwamba ametuachia saa nne za kupumua.

Alisahau jambo ambalo mtoto wa Kariakoo analijua. Nahodha wa Saada na mabaharia wake wote ni Waislamu wa Unguja, na siku ya Idi hawawashi moto wa meli. Mwezi ukiandama Jumanne, Jumatano ni Idi, na Saada italala bandarini. Wakala wa meli kubwa hana habari na Saada. Kwake abiria asiyefika ni kitanda kitupu, basi. Meli nyingine ya Bombay ni baada ya wiki tatu.

Au labda hakusahau. Siku mbili hizi za mwisho ndizo za kuuza kanzu, na ndugu wawili hawa walitaka kuuza mpaka Jumanne usiku. Nilimwambia hivyo usoni. Akachukua kanzu nyingine.

Alfajiri nilikuwa nimekwenda bandarini mwenyewe kuuliza. Kulikuwa na meli ya barua ya kuvuka leo saa nane mchana, na nafasi zilikuwepo. Nilipomweleza, Hashil akaona makosa matatu. Tiketi za Saada zitapotea. Salem hawezi kuacha duka leo. Na mwanamke hasafiri peke yake na mtoto, watu watasema nini.

Wakati huo Badriya akaingia kutoka uani, mkono wake ukipapasa ukuta. Mlangoni ilitundikwa kanzu ndefu ya kuonyeshea wateja. Alisimama mbele yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, ami."

Salem akashuka ngazi taratibu, akazunguka meza, akaja kusimama nyuma ya ile kanzu.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Badriya akaenda zake kutafuta viatu. Salem alibaki ameshika mkono wa kanzu kama anayepima kitambaa. Hashil alianza tena kwamba Salem kweli hawezi kuondoka leo, wateja wa Ilala wamelipia nusu, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Sikumwomba Salem," nilisema. "Salem aje na Saada Jumatano, ikitoka. Isipotoka tutakwenda wawili, mimi na mwanangu. Tiketi zetu mbili za kuvukia nazitupa. Zimekatwa mbali na zile za Bombay, kwa hiyo nikizitupa, zile haziharibiki. Tutalala kwa shangazi Azza, Malindi ya Unguja, siku mbili. Wewe mpelekee jamaa yako Humoud simu ya maandishi atupokee Bombay, awe bandarini mwenyewe, asimtume mtu."

"Fakhriya."

"Saa sita hii, Baba Badriya. Nguo zake zimeshafungwa."

Zilikuwa zimefungwa tangu jana. Nilifungua kasha, nikatoa tiketi mbili za Bombay, ya Salem nikaiacha juu ya meza. Nikavaa buibui. Nilipogeuka, Hashil alikuwa ameshalibeba sanduku begani na mteja mmoja analalamika kwamba hajahudumiwa. Alimwambia asubiri au aende kwingine.

Riksho ilituchukua mimi na Badriya, Hashil akafuata kwa miguu. Pale Mnazi Mmoja alitukuta tumekwama nyuma ya mkokoteni wa mihogo, akapita mbele kumfokea mwenye mkokoteni ausogeze. Bandarini nilikata tiketi za kuvukia kwa mkono wangu. Hashil alimbusu mtoto kwenye macho yote mawili, mimi akaniuliza kama nimechukua barua ya daktari. Nilimwonyesha ilipo.

Ubao wa kupandia melini ulikuwa mwembamba na unacheza. Nilimtanguliza Badriya, nikamshika kiuno.

"Mguu wa kulia," nikamwambia. "Sasa wa kushoto. Bado hatua nne."