Samaki Anayevuta Mara Mbili

...na kama ni mkubwa kiasi hicho mbona hakati uzi, maana samaki mkubwa ana haraka zake, hukupa mvuto mmoja wa kukung'oa bega kisha huyo, kakimbilia chini ya mwamba, lakini huyu anavuta kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowazoea, aliwaza bibi, mgongo kaupinda, kidole cha shahada kakilaza juu ya mshipi, kidole kile kile kilichosukuma nguo chini ya sindano ya cherehani miaka arobaini na mitatu, kikatobolewa mara sita na hakijasahau hata moja, kidole kinachojua kitambaa cha kweli na cha kudanganya hata ukimfumba macho mwenyewe, na sasa kilikuwa kinamwambia tulia, kuna kitu, huku nyuma yake binti yake, aliyesimama juu ya jiwe kavu na viatu vyake vya ofisini, anasema, chumba kina dirisha, Mama, dirisha kubwa linatazama bustani, na choo kipo hapo hapo, hushuki ngazi wala hupandi, tumeelewana?... tumeelewana, tumeelewana, mtoto huyu tangu wampe ualimu mkuu hamalizi sentensi bila kuuliza tumeelewana, hata mumewe akiombwa chumvi mezani anaulizwa tumeelewana, maskini wa Mungu, ndiyo maana amekonda, sasa je mimi nikihamia huko si nitapangwa foleni asubuhi nikaguliwe kucha... nasikia, mwanangu, alisema bibi bila kugeuka, nasikia, ila nimeshika kitu.

Na kweli alikuwa ameshika, robo saa sasa, na msimu ndio huu, joto limekatika wiki mbili zilizopita kama mtu aliyezima jiko, waogeleaji wamerudi makwao na mafuta yao ya kujipaka, miavuli imekunjwa, kile kiti kirefu cha mlinzi wa waogaji kimebaki na ndege mmoja anayejiona ndiye mlinzi mwenyewe, na maji yakianza kupoa hivi samaki husogea hadi miambani kula wanenepe kabla ya baridi, wanakula bila aibu kama wageni wa harusi, basi huu ndio mwezi wa kuvua, mwezi mmoja katika mwaka ambao hata mjinga anarudi na ndoo nzito, na mwezi huu ndio anakuja mtu kukuambia habari za dirisha... angalia, kavuta tena. Kavuta, akanyamaza. Bibi alilegeza uzi kidogo, kwa adabu. Hatua kumi na moja kushoto kwake, ng'ambo ya mwanya maji yanamopita, alikuwa amesimama Kinyozi na fimbo yake ndefu ya kuvulia, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi, anatazama bahari kama vile inamdai, na hajakunja mshipi wake, hilo ndilo lilianza kumkera bibi, kwa sababu hapa miambani sheria ni moja tu na haijaandikwa popote, ukishika unasema nimeshika, na jirani yako anakunja wake ili nyuzi zisiingiane, na yeye alisema nimeshika, tena kwa sauti, na Kinyozi, ambaye mwaka juzi alimnunia muuza matunda siku tatu kwa kosa hilo hilo, alijibu tu, taratibu shemeji, huyo mkubwa huyo, na hakukunja kitu.

Mama, goti lako likoje, aliuliza binti. Lipo, alisema bibi. Silo nililouliza, Mama. Basi ndilo nililolijibu... goti, goti, nani kamwambia goti, ni muuza matunda, domo lake halina mlango, kwamba mwezi uliopita mama yako kateleza kwenye mwani wa miambani akaenda chini, lakini hakusema kuwa hakufika chini, Kinyozi alimdaka kola ya gauni, akamshika vile vile anavyowashika watoto wanaokataa kunyolewa, tulia, tulia, tumemaliza, na alipomsimamisha hakusema pole wala nini, alimwambia, shemeji, huo mshono wa kola kashona nani, mzuri, haukuachia, na bibi alicheka mpaka akakaa chini, yeye mwenyewe aliyekuwa amenusurika... shemeji anamwita kwa sababu ya marehemu mumewe, aliyenyolewa na mtu huyu kila Ijumaa hadi ile ya mwisho, marehemu ambaye hakuwahi kukanyaga miamba hii, alikuwa hajui kuvua kitu chochote ila viatu, na hivyo pia kwa kusaidiwa, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na mzito kama gunia, basi kuvua bibi alijifunza mwenyewe akiwa mjane, kwa kumtazama Kinyozi na kumsema, mbona unatupa hivyo, mbona chambo chako kinanuka kuliko wewe, miaka tisa ya kumsema, na mtu huyo anayeongea juu ya vichwa vya watu kutwa nzima, siasa, mpira, ndoa za wenzake, akija hapa anakuwa bubu, anasema eeh, anasema aah, akisema sana anasema mawimbi.

Kwa hiyo, Mama, jibu nalitaka leo, alisema binti, na sauti ilikuwa imeacha ualimu mkuu, imekuwa ya mtoto aliyechoka kubeba begi, si kwamba nakufukuza hapa, lakini mama mkwe ameanza kukiulizia kile chumba, kila siku anapima kitanda kwa mkono, nitamwambia nini, ama uje wewe ama nimpe yeye, na siku ukianguka nikiwa mbali mwendo wa saa nne kwa basi, Mama, nitajisamehe vipi?... na ni kweli, na tena bibi alishakubali kuhama, kimoyomoyo, Jumanne, alikuwa amejisemea basi, yatosha, mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe lakini kwa mwanao labda jembe linachelewa, akamwambia Kinyozi, nadhani huu ndio msimu wangu wa mwisho, nakwenda kwa mtoto, ila sitaki kuondoka na ndoo tupu, nataka mmoja wa kuagia, mkubwa, na Kinyozi akasema eeh. Eeh tu. Akaweka chambo akatupa... na bibi alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na hasira na hakujua za nini, akayafua mapazia yote ambayo hayakuwa machafu.

Kavuta tena. Mara mbili, halafu kimya. Mara mbili, halafu kimya... hebu ngoja. Bibi alifumba macho akakiachia kidole kazi yake. Samaki hahesabu. Samaki hana mbili wala tatu, ana njaa na ana woga, basi, sasa huyu aliyesoma hesabu ametoka shule gani, mbili, kimya, mbili, kimya, na mdundo huu anaujua, ameusikia wapi, si kwenye maji, ni nchi kavu, ni penye kioo na harufu ya poda, marehemu kakaa kitini na shuka jeupe shingoni, na mkasi kabla haujagusa nywele unakata hewa, chwi chwi, unanyamaza, chwi chwi, unanyamaza, ndivyo mtu huyu alivyokata hewa maisha yake yote, hata akiwaza, hata akikuna sikio, vidole vinakwenda mbili vinapumzika... Ah! Mshenzi! Nyuzi zimeingiana mwanyani, maji yanayokupwa yameuleta wake juu ya wangu, na yeye anajua, anajua tangu robo saa, na anautingisha kwa makusudi, nimeshika kofia, nimeshika kinyozi mzima, nimekaa hapa namlegezea uzi kwa adabu, mimi, mzee mzima, nachezewa kama paka!

Alifumbua jicho moja, la kushoto. Kinyozi alikuwa vile vile, anatazama mbele, kawa jiwe, ila kifundo cha mkono kilikuwa kinacheza, kidogo sana, na shingo yote imeloa jasho na huu upepo wa baridi... na maneno yote aliyokuwa ameyaandaa bibi, na yalikuwa mazuri, yangemchubua kuliko wembe wake, yalifika mdomoni yakakwama, kwa sababu alijiuliza, kwa faida gani, samaki huyo hawezi kumleta juu hata siku moja, hana samaki wa kumpa mtu, mchezo huu hauna mwisho wowote ila kuendelea, na mshipi ukiwa umekaza mimi siwezi kugeuka, nisipogeuka siwezi kumjibu mtoto... ala. Kumbe ndiyo maana. Kinyozi alimwona binti akishuka ngazi za ukuta wa bahari, na robo saa ndiyo hiyo. Mwanaume mwenye ulimi wa kunyoa mji mzima, ameshindwa kusema neno moja, usiende, kaamua kutingisha uzi!

Mjinga, alisema bibi kwa sauti. Nani, Mama? Samaki, mwanangu... na kile chumba ghafla alikiona chote, dirisha, bustani, na yule mama mkwe kakaa kitandani anapima kwa mkono, na akamwona amekaa vizuri sana, amependeza, kitanda kimemtosha kama kimeshonwa kwake, apewe, apewe na mto wa ziada, mimi nitakwenda siku za likizo, mbili, ya tatu wasinipe jembe, ya tatu nitakuwa ndani ya basi, na kwa ajili ya goti nitanunua vile viatu vya soli ya mpira ambavyo nimevicheka miguuni mwa wengine, na kola nitazishona mara mbili, haya nitamwambia mtoto vizuri, kwa upole, nitamshika mkono, maana anastahili, ila si sasa.

Mama, utamvuta lini huyo samaki? Bado, alisema bibi, huyu havutwi kwa haraka. Upepo ulipita. Akakiinua kidole kile cha matobo sita, akaukamata uzi, akautikisa mara mbili, akanyamaza, na kule ng'ambo ya mwanya Kinyozi akapaliwa na kikohozi kirefu, kofia nusura imdondoke majini, akaishika, akaitengeneza, hakutazama upande huu hata kidogo, na mshipi ukakaa kimya, kimya kabisa, bibi naye kashika pumzi kama msichana, mpumbavu mwingine huyu, miaka sitini na minane... mara mbili.